Nguzo Iliyozidiwa na Zawadi

Wanajumuiya waliojenga kibanda kile cha sanamu ya Bikira Maria hawakuwa wazembe, wala hawakuwa wabahili. Hilo liwekwe wazi mapema, kwa sababu watu wakisikia kitu kimeanguka humtafuta mzembe, na wakimkosa humbambikia mtu uzembe. Hapa hayupo. Kila aliyehusika alitoa zaidi ya alichoombwa, na ukifuatilia kibanda kilivyooza utakuta kila mahali maji yalipopenyea pana mfadhili wake.

Kigango chao kiko mkoani Njombe; jina tuliache. Mvua za huko huanza Novemba na kunyesha hadi Aprili, mwaka mwingine zikaingia Mei, na kupita milimita 1,000 kwa mwaka ni jambo la kawaida. Zikikatika huja baridi ya Juni na Julai, pamoja na ukungu unaoganda barabarani mpaka jua lipande. Kisha jua la Septemba na Oktoba, kali na kavu. Mbao iliyoachwa nje katika nchi hiyo hailowi tu. Inalowa, inakauka, inapasuka, inalowa tena kupitia ufa ule ule.

Jumuiya ilikitaka kibanda kwa sababu ya kona. Barabara pale inashuka kwa kasi kuelekea bondeni, halafu inakata kushoto ghafla, na lori la mbao liliwahi kupinduka likaua watu waliokuwa wamepanda juu ya mzigo. Tangu siku hiyo akina mama wakienda shamba walizoea kusimama pale na kusali Salamu Maria moja kabla ya kuendelea. Mmoja wao ndiye aliyesema, mbona tusimweke Mama mwenyewe hapa awaangalie wasafiri? Wazo likapendwa. Mzee mmoja akatoa kipande cha shamba lake juu ya ngema, nje kabisa ya hifadhi ya barabara. Kwa hilo wasifiwe. Yako majengo mengi ya ibada yaliyopigwa alama nyekundu ya X kwa sababu waliojenga hawakuuliza mapema mpaka wa barabara uko wapi.

Seremala wao alikuwa mzee aliyejifunza kazi ujanani kwenye karakana ya Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 na Wabenedikto waliotoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Bruda aliyewafundisha alikuwa akiwasimulia habari za vijia vya milimani kwao. Kando ya njia, alisema, kuna nguzo za mti zenye kisanduku kichwani, ndani ya kisanduku mna picha takatifu, na juu ya kisanduku pana paa. Nyingi zimesimikwa mahali mtu alipofia, kwa radi, kwa mkokoteni uliopinduka, kwa poromoko la theluji, na maandishi yake humwomba mpita njia amsalie marehemu. Wenyeji huziita Marterl. Wanafunzi wenzake walivutiwa na theluji inayoua. Yeye aliuliza kwa nini paa la kitu kidogo namna ile lilikuwa pana kupita kisanduku chenyewe, na bruda akamjibu kwamba paa ndiyo kazi, hayo mengine ni mapambo.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kilipoitwa, mzee alikuwa na jibu tayari. “Nguzo isiguse udongo,” alisema. “Paa litokeze mpaka mseme limezidi. Na mbao zilale bandani kwangu hadi Oktoba ya mwakani, zikauke.” Akakaa.

Mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu mwenye heshima zake, alimshukuru kwa maneno mazuri. Kisha akatangaza kwamba paroko amekwishakubali kuja kubariki Oktoba hii hii, Mwezi wa Rozari. Ilikuwa katikati ya Agosti.

Zawadi ya kwanza ilikuwa mti. Muumini mwenye shamba la paini alikata mti ulionyooka kuliko yote, akauleta umepasuliwa sita kwa sita, ukiwa bado unanata utomvu. Ilikuwa zawadi ya moyo mweupe. Lakini paini iliyokatwa wiki hiyo inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na uzito wa mbao yenyewe ikishakauka, na mti wa shamba uliovunwa ukiwa mchanga karibu wote ni nyama nyeupe ya nje, ambayo kuvu na mchwa huila bila kipingamizi. Sehemu inayojilinda ni kiini, ile ya ndani yenye rangi iliyokolea, na si kiini cha kila mti. Cha mninga, mkora au mvule ndicho hasa ambacho mafundi wa nchi hii wamekitegemea kwa kazi za nje.

Mzee aliipapasa nguzo. “Hii ni maji tupu, Mwenyekiti. Na kiini hamna.”

“Mzee wangu, mtu ametoa mti wake shambani. Turudi tukamwambie haufai?”

Sijui mtu wa kijijini ambaye angejibu “ndiyo” pale. Zawadi ya jirani ukiikataa hukatai mbao, unamkataa jirani, na utakutana naye kisimani kesho. Mzee akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukubali.

Ya pili ilikuwa saruji. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitoa mifuko mitatu, na mifuko mitatu ikishatolewa hutafutiwa kazi. Vijana wakachimba shimo refu kupita goti, wakaisimika nguzo, wakaipima kwa timazi, wakamwaga zege hadi usawa wa ardhi na kulisakafia likawa bapa na laini. Zege lilipokauka kijana mmoja aliona ufa mwembamba kati yake na mti, akauziba kwa silikoni aliyonunua kwa hela yake mwenyewe. Kila mtu alimsifu.

Ya tatu ilitoka Dar es Salaam, kwa mtoto wa kijiji aliyefanikiwa huko. Alituma makopo ya vanishi inayong'aa, kioo kilichokatwa kwa kipimo, na bawaba zake. Kisha akampigia mzee simu.

“Shikamoo baba. Nataka kitu cha kudumu. Tukishakijenga tusikiguse tena.”

“Marahaba mwanangu. Kitu hicho kwa mbao hakuna.”

“Ndiyo maana nimetuma vanishi ya bei mbaya, baba.”

Hadithi nzima imo katika maneno hayo, nami nikiwa mhariri ningeyapigia mstari. Kila zawadi ililenga kitu kimoja: kukimaliza kibanda mara moja, kukifungia maji nje, na kuondoka. Hakuna aliyeuliza maji yakishaingia yatatokea wapi.

Paa nalo likapata wajuzi wake. Vijana walisema likitokeza sana litaficha uso wa Mama kwa anayepita na gari, kwa hiyo bati likakatwa sawasawa na ukuta wa kisanduku, kwa mwinamo mdogo, na misumari ikapigwa bondeni badala ya mgongoni mwa bati, kwa kuwa bondeni ndiko nyundo inakoshika vizuri. Bondeni ndiko maji yanakopita pia. Mzee aliona, akasema, akaambiwa muda umekwisha.

Siku ya kubarikiwa kibanda kiling'aa. Nguzo ilikuwa na rangi ya asali, kioo kilirudisha jua hadi ng'ambo ya barabara, na sanamu ya plasta iliyopakwa buluu na nyeupe ilisimama ndani kati ya maua ya plastiki na mishumaa. Madereva walipiga honi wakipita. Wiki tatu baadaye mvua zikaanza.

Mbao haiozi kwa kunyeshewa. Huoza kwa kukosa nafasi ya kukauka. Kuvu wanaokula mti hawawezi kuanza kazi ikiwa unyevu wa mbao uko chini ya kama asilimia 20, na mbao iliyolowa asubuhi ikikauka jioni hairuhusu waanze. Wanahitaji pia hewa, ndiyo maana gogo lililozama kabisa chini ya maji hudumu miaka mingi. Penye maji na hewa kwa pamoja, siku zote, hapo ndipo nyumbani kwao. Katika nguzo iliyochimbiwa ardhini mahali hapo panajulikana hata kabla ya kuichimbia: ni sentimita chache juu na chini ya usawa wa udongo. Kila aliyewahi kung'oa nguzo ya uzio amekuta mguu mzima chini, kichwa kizima juu, na katikati pamelika.

Zege halikuiondoa hatari hiyo, liliizidisha. Nguzo mbichi ilipowekwa ilikuwa imevimba kwa maji yake. Jua la Oktoba likaanza kuikausha, ikasinyaa, na zege halisinyai pamoja nayo. Ndipo ulipotokea ule ufa. Mvua ya kwanza iliteremka kwenye nguzo, ikakuta sakafu bapa isiyoielekeza kokote, ikaingia ufani pale silikoni ilipokuwa imebanduka. Ndani hakukuwa na kokoto za kuyapitisha maji wala tundu la kuyatolea. Tangu siku hiyo nguzo ilisimama kama mguu uliovaa buti lililojaa maji, na silikoni iliyosalia ikawa kazi yake kuhakikisha buti halivuliwi.

Ubaya zaidi ni kwamba nguzo ilikanyaga maji kwa kisigino chake. Mti hunywa maji upesi sana kufuata mishipa yake, kuanzia pale msumeno ulipokata, kuliko unavyoyanywa kwa ubavu. Ndiyo maana seremala anayejua hukihofia kichwa cha nguzo na kisigino chake kuliko urefu wote uliobaki. Kichwa cha hii kilikuwa chini ya bati lililotobolewa bondeni. Ikawa inanyweshwa juu na chini.

Vanishi iliifuata njia yake yenyewe. Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga, na mwanga mkali wa jua huivunjavunja sehemu ya juu ya mbao ikiwa chini ya kioo hicho chembamba, hadi vanishi inakosa cha kushikilia. Mwaka wa pili ilianza kupasuka na kuinuka kwa magamba. Kwenye kila ufa maji yaliingia, na kwa kuwa pande zote nyingine bado zilikuwa zimefunikwa, hayakupata pa kutokea. Kwa macho nguzo ilikuwa bado inang'aa. Walioipita waliona mng'ao.

Kuhusu kioo nitasema kidogo. Kisanduku kilichofungwa kabisa hupata joto mchana na baridi usiku, na hewa yenye unyevu ikikutana na kioo cha baridi hutoa jasho. Akina mama walikuwa wakikuta matone yanateremka mbele ya uso wa sanamu, na mmoja akasema Mama analia. Katekista, kwa busara, hakulipeleka hilo parokiani. Rangi ya sanamu ilianza kufura, kisha plasta ikalainika miguuni.

Mwaka wa tatu mchwa wakaonekana upande wa nyuma. Dereva mmoja akaleta kidumu cha oili chafu, akaimimina shinani bure bila kutaka shukrani. Nyasi zikafa, na waridi zilizopandwa na watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu zikafa. Mchwa walipotea machoni tu. Oili ilikaa juu ya zege, wao wakapanda kupitia ufa ulio ndani ya zege, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Hilo ndilo kosa la zege ambalo watu hulisahau: mchwa wa ardhini lazima watembee ndani ya vijia vyao vilivyofunikwa kwa udongo, na ukiwalazimisha kupita juu ya jiwe lililo wazi utaviona na kuvifagia. Ukiwapa njia ya siri hutajua lolote.

Kilianguka katika masika ya tano. Kijana wa bodaboda, akikwepa mvua, aliiegemeza pikipiki yake kwenye nguzo, na zote mbili zikalala chini pamoja. Sanamu ikavunjika vipande, na kioo hakikubaki.

Wakamkamata. Sitakuza jambo, hakupigwa. Lakini aliitwa mbele ya jumuiya, na kabla hajafungua kinywa ilikwishasemwa kwamba alikuwa amelewa, kwamba ni wa dhehebu lingine, kwamba kuna watu waliomtuma. Mtu mmoja alitaja uchawi. Mwenyekiti, aliyekuwa akitetemeka kwa uchungu, alisema kijana alipe sanamu na kioo. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, akihesabu kimoyomoyo kuku na mbuzi walioko nyumbani.

Mzee aliomba nafasi. Hakutoa hotuba. Aliomba wote watembee naye hadi kwenye kona, na mvua ilikuwa imepumzika, wakaenda. Pale palikuwa na kisiki cha nguzo kilichobaki ndani ya zege. Akatoa bisibisi mfukoni, akaiweka juu ya kisiki na kuisukuma kwa kidole gumba kimoja. Ikazama hadi mpinini. Akaichomoa, akampa mwenyekiti, naye akafanya vivyo hivyo. Halafu akakigeuza kipande kilicholala. Nje ilikuwa ngozi ya vanishi, ngumu na yenye mng'ao. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia, unyevu, na mapito ya mchwa.

“Hii haijaangushwa leo,” alisema. “Ilianza kuanguka siku ile tulipoifunga.”

Mtu akauliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Mzee akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama barabara. Kijana akaachiwa. Hakuombwa radhi kwa sauti, na sioni sababu ya kuificha aibu hiyo. Alihamia kijiwe kingine, na hadi leo hapaki kwenye kona ile.

Watu wengi wanadhani kujenga cha kudumu ni kujenga kigumu. Waliojenga kwa mbao kwa karne nyingi hawasemi hivyo. Kule Japani, kwenye hekalu la Ise, nguzo huchimbiwa moja kwa moja ardhini kwa kufuata mtindo wa kale, na wenyewe wanajua maana yake: tangu mwaka 690, ingawa nyakati za vita desturi iliwahi kukatika, jengo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Nchini humo humo, kwenye hekalu la Horyuji, nguzo zilikalishwa juu ya mawe chini ya mapaa mapana, na majengo hayo yamesimama zaidi ya miaka 1,300. Norwei nako kuna kanisa la mbao la Urnes, la karne ya 12, lililojengwa juu ya magogo yaliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochunguza chini ya sakafu yake walikuta mashimo ya nguzo za kanisa lililotangulia, nguzo zilizokuwa zimechimbiwa udongoni. Kanisa lile la kwanza halipo. Chaguo ni la mjenzi: ama aipandishe nguzo juu ya jiwe, ama akubali tangu siku ya kwanza kwamba atajenga tena, kama wanavyokubali wale wa Ise bila kulalamika.

Jumuiya iliamua kujenga tena, na safari hii mwenyekiti mwenyewe alikwenda kwa mzee, akapiga hodi. “Kamwene,” akasalimu, akakaa kwenye gogo, akasema: “Tupangie wewe. Atakayetoa kitu atakuuliza kwanza.”

Mzee alianza kwa kutofanya chochote. Aliacha masika ipite. Alikwenda kwa bibi mmoja anayekaa karibu na kona akamwomba ruhusa ya kuizunguka nyumba yake, na akaona ukuta upi una kuvu na upi ni mkavu. Hapo akajua mvua ya pale inapigia upande gani, naye akageuza mgongo wa kibanda upande huo. Ramani ya hali ya hewa isingemwambia zaidi.

Nguzo ilikuwa mjadala. Wengine walitaka kipande cha nguzo ya umeme iliyotiwa dawa, na mikoa ile ina viwanda vya kutia dawa hiyo. Mzee hakuidharau. Alieleza kwamba dawa huishia kwenye tabaka la nje, na kwa kuwa wao walitaka nguzo ya mraba, kuipasua kungekuwa kuiondoa sehemu yenye dawa na kubaki na isiyo nayo. Akaongeza kwamba mabaki yake yasije yakaingia jikoni hata kwa bahati mbaya, kwa sababu nyingi za nguzo hizo hutiwa dawa yenye aseniki. Wakakubaliana kununua kiini cha mninga, kidogo kuliko walichotaka, kwa fedha walizochanga. Kikalala bandani kwa mzee, kimewekewa vipande vya kukiinua pande zote hewa ipite, kwa zaidi ya mwaka. Paroko aliuliza mara moja tu.

Saruji ilitumika, lakini kujenga msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi na wenye mgongo ulioinama ili maji yateremke nje. Juu yake mchomeleaji alifunga kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, mikono miwili ya bamba inayoibana nguzo ubavuni na kuiacha ikielea. Kati ya kisigino cha nguzo na jiwe unapita mkono wa mtoto. Kisanduku kiko juu zaidi ya pale matone yanayogonga chini yanapoweza kurukia. Kisigino chenyewe kilinyweshwa mafuta ya kitani mpaka kikakataa.

Viungo vikawa vya ulimi na tundu, vimefungwa kwa vigingi vya mti. Kila tundu linalotazama juu lilitobolewa kijishimo chini yake, kwa hesabu kwamba maji yataingia tu, basi yapewe mlango wa kutokea. Vijana walioshuhudia hilo walicheka kwanza. Kutoboa kwa makusudi kitu unachotaka kisivuje kunaonekana wazimu mpaka uelezwe.

Paa sasa limetokeza kiasi cha urefu wa mkono kuanzia kiwiko, limeinama sana, na chini ya ukingo wake mzee alichonga mfereji mwembamba ili tone likifika hapo lidondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Walituania, ambao ufundi wao wa misalaba na nguzo za njiani umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2008, huweka vipaa hata juu ya misalaba mitupu. Mzee hakuwahi kuwasikia, lakini angeelewana nao kwa dakika tano. Misumari ya bati iko mgongoni. Uso wa Mama unaonekana vizuri kabisa. Ilibidi tu kisanduku kishushwe kidogo.

Kioo hakikurudi. Mbele pako wazi, na nyuma, chini ya dari, pameachwa dirisha dogo la wavu ili hewa ipite na nyuki wasihamie. Sanamu ni ya mti, imechongwa na kijana wa parokia ya jirani. Mshumaa unawashwa nje, kwenye jiwe. Badala ya vanishi mzee alipaka mafuta yaliyotiwa rangi kidogo ya udongo mwekundu, yanayoingia ndani ya mbao wala hayatandi ngozi juu yake. Hayang'ai, na yanataka kurudiwa kila Septemba. Zamu zimeandikwa nyuma ya mlango wa kigango: jumuiya hii mwaka huu, ile mwaka ujao, pamoja na ufagio wa kuondoa udongo wa mchwa na majani yanayojikusanya kwenye kiatu.

Desemba mfadhili wa Dar es Salaam alikuja kwa Krismasi, akapelekwa kukiona. Alikizunguka, akakipenda, akalalamika kidogo kwamba kimepoteza rangi ya asali. Kisha akatoa kwenye gari kibao cha shaba chenye majina ya wazazi wake na skrubu nne, akaonyesha mahali kwenye nguzo, usawa wa macho.

“Hapo nyuma ya kibao maji yatalala, mwanangu,” mzee akasema. “Na skrubu nne ni matundu manne.”

“Sasa niweke wapi, baba?”

Mzee akapiga jiwe la msingi kwa kiganja. Mfadhili akalitazama, akasema pale chini hakuna atakayelisoma jina. Akina mama wawili waliokuwa wamepiga magoti mbele ya kibanda wakageuka kumtazama, naye akacheka mwenyewe kabla hajaambiwa kitu. Kibao kikapachikwa kwenye jiwe kwa saruji jioni ile ile. Skrubu zilikuwa za shaba, hazishiki kutu, na mzee hakutaka zipotee: akazitumia kufungia fremu ya wavu wa dirisha la nyuma, ambayo tangu Oktoba ilikuwa imeshikiliwa na uzi.